Hesabu ni Sahihi, Mbuzi Siyo

Kwa miezi minane Mwalimu Urbano hakugundua kwamba mmoja wa wanafunzi wake alikuwa akijibu maswali pembeni mwa karatasi. Kosa hilo alikuja kulikiri mwenyewe mbele ya mkaguzi wa elimu, kwa hiyo hapana ubaya kulitaja mwanzoni. Hakuwa mvivu, wala macho yake hayakuwa mabovu. Alikuwa na kadibodi.

Kadibodi hiyo ilifika shule ya Ighumbi mwezi wa Januari, mwaka 1971, pamoja na mitihani mipya ya kila mwezi iliyopigwa chapa mkoani. Ilikuwa imetobolewa matundu hamsini kwa mpangilio mzuri. Mwalimu aliilaza juu ya karatasi ya mtoto, na kila tundu likamwonyesha kisanduku kimoja cha jibu. Jibu lililo sawa lilipewa alama mbili. Lisilo sawa, au kisanduku kitupu, halikupewa kitu. Kusahihisha darasa la nne zima, kazi ambayo zamani ilimla siku nne, sasa kulikwisha kabla chai haijapoa.

Mwalimu Urbano aliipenda kadibodi kama wengine wanavyopenda redio. Yeye alikuwa mtu wa hesabu tangu utoto wake kule Utemini, mjini Singida, alikozaliwa na kukulia bila kuchunga mnyama yeyote. Aliamini kwamba namba ndiyo kitu pekee duniani kisicho na upendeleo. Mtoto wa mwenyekiti wa kijiji akipata thelathini, ni thelathini. Mtoto wa mchungaji akipata sabini, ni sabini. Aliwaza kwamba kama Ujamaa ungekuwa na sura, ungefanana na kadibodi ile.

Mwezi wa Agosti kadibodi ilitoa hukumu. Darasa la nne lilikuwa na watoto arobaini na watatu, na chumba cha darasa la tano kilikuwa na viti arobaini. Watatu wa mwisho wasingeendelea na masomo. Majina yao yalibandikwa ukutani pamoja na alama: Esta, kumi na nane, Yeremia, kumi na nne, na wa mwisho kabisa, Damari binti Mughwai, kumi na mbili. Orodha hiyo ilingoja sahihi ya mwalimu wa darasa, ambaye ni Urbano, na sahihi ya mkaguzi, ambaye angefika mwezi wa Septemba.

Kabla ya mkaguzi, alifika mama yake Damari. Aliitwa Theresia, mwanamke mrefu, mtaratibu wa maneno, na alikuja moja kwa moja kutoka shamba la kijiji akiwa na jembe begani.

"Shikamoo, mama," alisema Mwalimu.

"Marahaba, mwalimu. Nimesikia mwanangu kapata kumi na mbili."

"Ndiyo, mama. Kumi na mbili kati ya mia."

Theresia alishusha jembe akafikiri. "Na hizo nyingine themanini na nane kachukua nani?"

"Hakuna aliyezichukua. Hazikupatikana."

"Zimepotea?"

"Hazikupotea, mama. Hazikuwapo."

"Sasa mwalimu wangu, kitu ambacho hakikuwapo umekihesabu vipi mpaka ukajua ni themanini na nane?"

Mwalimu Urbano alisema kwamba utaratibu huo umetoka mkoani. Jibu hilo lilimtosha yeye zaidi ya lilivyomtosha Theresia.

"Mimi sibishani na mkoa," alisema mama huyo. "Nataka ujue jambo moja tu. Damari asipoingia darasa la tano, baba yake atampeleka Rungwa kwa kaka yake mwenye mizinga. Si kwa ubaya. Anasema aliyeshindwa daftari akajaribu nyuki. Lakini mtoto huyu shule anaitaka, mwalimu. Akirudi jioni anawapanga ndama mstari na kuwafundisha Siasa. Ndama wangu mmoja analijua Azimio la Arusha kuliko mwenyekiti."

"Ndama anajuaje, mama?"

"Akifika kwenye habari ya unyonyaji, anaacha kunyonya."

Mwalimu alisema pole, na kweli aliona huruma. Lakini alikuwa na orodha, na orodha ilikuwa na namba. Theresia alibeba jembe lake akaondoka.

Wiki mbili baadaye ikafika barua. Mkaguzi angekuja siku ya Alhamisi kwa mambo mawili: kutia sahihi orodha za darasa la nne, na kukagua miradi ya Elimu ya Kujitegemea. Angeanza Ighumbi, kisha angevuka lambo kwenda shule ya Unyamanda, ambayo ilikuwa mbali kiasi cha nusu saa ya mguu. Mradi wa Ighumbi ulikuwa mbuzi thelathini na wanne. Mradi wa Unyamanda ulikuwa mbuzi ishirini na tisa, chini ya Mwalimu Manase, rafiki yake Urbano tangu chuoni na mshindani wake tangu siku hiyohiyo.

Urbano hakuweza kutofautisha mbuzi na mbuzi, lakini hilo halikumsumbua, kwani kila mmoja alikuwa amemwandika namba ubavuni kwa chokaa. Manase naye alikuwa ameiga. Chokaa ilitoka gunia moja, na mwandiko wa chuo chao ulikuwa mmoja.

Jumatano asubuhi Urbano aliwatazama mbuzi wake akaona vumbi. Ikamjia fikra kwamba mbuzi wa taifa hawafai kuonekana kama mbuzi wa mtu binafsi. Akawaamuru watoto wawapeleke lamboni wakaoshwe kwa sabuni ya mche. Walipofika, walimkuta Manase na watoto wake upande wa pili wa maji, kila mmoja na kipande cha sabuni. Walimu hao wawili walikuwa wamesoma barua moja.

Yaliyofuata hayakuandikwa katika taarifa yoyote. Mbuzi hapendi maji, na mbuzi aliyepakwa sabuni hashikiki. Baada ya robo saa lambo lilikuwa povu tupu, na ndani ya povu walikuwamo mbuzi wa shule mbili, watoto wa shule mbili na kofia ya Mwalimu Manase. Namba za chokaa zilianza kuyeyuka. Saba ikawa moja, moja ikawa si kitu. Povu lilipotulia, mbuzi wote walisimama ufukweni weupe, weusi, wekundu na wa madoa, wakimetameta, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na namba.

"Manase," alisema Urbano, "wako ni wepi?"

"Walio safi."

"Wote ni safi!"

"Basi tumefaulu sote."

Walicheka kidogo, halafu wakaacha. Urbano akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa hesabu. "Sikiliza. Mimi nina thelathini na wanne, wewe una ishirini na tisa. Jumla sitini na watatu. Tuwahesabu." Waliwahesabu mara mbili wakapata sitini na watatu barabara. Uso wa Urbano ulichanua. "Hakuna aliyepotea, hakuna aliyezidi. Nachora mstari hapa. Thelathini na wanne wa kwanza kuuvuka ni wa Ighumbi. Wanaobaki ni wako."

"Kisayansi kabisa," alisema Manase, akikamua kofia yake.

Mbuzi walivushwa mstari mmoja mmoja. Urbano alipofika thelathini na wanne akainua mkono kufunga hesabu, na hapo akaona mkono mwingine umeinuliwa. Ulikuwa wa Damari. Mkono wake wa pili ulikuwa umemshika mbuzi sikio.

"Mwalimu."

"Sema, Damari."

"Hesabu ni sahihi. Mbuzi siyo."

Urbano alipumua kwa uvumilivu. "Kama hesabu ni sahihi, mbuzi watakosaje kuwa sahihi?"

"Huyu niliyemshika ni wa Unyamanda. Yule mwenye sikio lililokatika ndiye wetu, na anakwenda na Mwalimu Manase. Na yule anayelia kule ni mama wa huyu anayelia hapa."

Manase alimtazama mtoto kwa makini. Habari za alama zilikuwa zimevuka lambo zamani. "Urbano, huyu ndiye yule wa kumi na mbili?"

"Ndiye."

"Aaa," alisema Manase, na kwa "aaa" hiyo mjadala ukafungwa.

"Damari," Urbano alisema kwa upole, "mbuzi akioshwa, sura yake hubadilika."

"Mwalimu, mbona wewe ukioga tunakujua?"

Watoto wa shule zote mbili walicheka mpaka mmoja akarudi majini bila kupenda. Damari hakuwa amesema kwa utani. Alishangaa kuona wenzake wanacheka. Alipewa adhabu ya kubeba sabuni iliyobaki, ambayo haikuwa nyingi, akatembea nyuma ya kundi huku akigeuka kila hatua chache kumtazama yule mwenye sikio lililokatika akitokomea upande wa pili.

Mkaguzi aliwasili Alhamisi saa tatu na nusu kwa Landrova. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani minene na mkoba wa ngozi, na alikuwa amechoshwa na ulaghai. Katika kazi yake aliwahi kukagua shule tatu kwa siku moja na kukutana na mbuzi yuleyule katika zote tatu. Kufikia shule ya tatu walikuwa wamezoeana, akamsalimu. Tangu hapo alijua kwamba shule zikipungukiwa mbuzi huazima kwa wazazi, na hakuna jambo lililomkera kama mbuzi wa kuazima.

Wazazi wachache walikuwa wamekuja kutazama, akiwamo Mughwai, baba yake Damari, mtu mkimya aliyejitanda shuka na kuegemea fimbo. Mwalimu Mkuu Ezekieli, mzee mwenye koti moja na heshima nyingi, alitoa hotuba fupi ya dakika ishirini. Kisha mkaguzi akaingia zizini na kuhesabu.

"Thelathini na wanne," alisema. "Kama daftari lako, Ndugu Mwalimu."

"Kama daftari, Ndugu Mkaguzi," Urbano alijibu, na moyo wake ukawa mwepesi.

"Daftari linasema pia majike ishirini na wawili, mabeberu wanne, vitoto vinane." Mkaguzi alivua miwani akaifuta. "Mimi naona majike kumi na saba, mabeberu saba, vitoto kumi. Jumla ni ileile, sikatai. Lakini majike watano wametoweka, na badala yao wamekuja mabeberu watatu na vitoto viwili. Hii ni miujiza, ndugu, au ni kuazima?"

Mwalimu Mkuu Ezekieli, akitaka kuokoa hali, aliagiza kengele ipigwe watoto wapange paredi. Kengele ya Ighumbi ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, na sauti yake ilifika mbali. Mzee huyo alisahau jambo moja tu. Kila siku saa nne, rimu hiyo ilipopigwa, mbuzi wa Ighumbi walipewa magadi.

Watoto walipanga mistari. Zizini, nusu ya mbuzi walikimbilia kwenye hori la magadi. Nusu nyingine walibaki wakishangaa, kama wageni kwenye harusi ambao hawajaonyeshwa pa kukaa. Halafu vumbi likaonekana upande wa lambo. Vumbi lile lilikua, likapata pembe. Yule mwenye sikio lililokatika, wenzake wenye madoa, wenye haki yao ya magadi, walikuwa wakija mbio kutoka Unyamanda. Kwa kuwa mbuzi mmoja akikimbia wengine hawaulizi sababu, shule nzima ya mbuzi ilikuwa ikija. Nyuma yao alikuwa Mwalimu Manase, akipuliza filimbi kwa pumzi chache alizobakiwa nazo.

Mkaguzi alisubiri wote waingie, akahesabu tena kwa utulivu. "Sitini na watatu," alisema. "Hongera, Ndugu Mwalimu. Mradi wako unakua haraka."

Hapo ndipo Urbano aliposimulia yote: sabuni, povu, chokaa na mstari. Manase aliunga mkono kwa kutikisa kichwa, kwani hakuweza kusema. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," alisema. "Watenganisheni."

Walimu wawili wakaingia zizini, wakatazamana, na kwa kuwa hawakujua njia nyingine, wakaanza. "Mmoja," alisema Urbano. "Wawili," alisema Manase.

Mkono ukainuka katika paredi. Urbano aliuona. Alikumbuka ile "aaa", akatamani kutazama upande mwingine. Lakini mtu aliyekwisha kuaibika vya kutosha hana cha kuogopa kwa mtoto. "Njoo, Damari," alisema.

Damari aliingia zizini bila haraka. Hakunyoosha kidole, hakutaja namba. Alipita katikati ya mbuzi akiwagusa mgongoni, akisema kwa sauti ya kawaida kama anayetambulisha ndugu zake: "Huyu wetu. Ni binti wa yule aliyekula soksi za Mwalimu Mkuu. Huyu wa Unyamanda, ana aibu. Huyu wetu, dada wa huyu. Huyu beberu wa Unyamanda. Mama yake alikuwa na tabia hiihii. Huyu wetu. Huyu wao." Wenzake waliwavuta upande huu na ule alivyoelekeza. Haikufika robo saa.

Mkaguzi hakuwa mtu wa kuamini upesi. "Yawezekana anabuni," alisema. Akaagiza vitoto vyote kumi na vinne vifungiwe chumba cha darasa la pili. Kimoja kimoja kikaletwa mlangoni, Damari akaeleza mama yake ni yupi, mkaguzi akaandika. Halafu mlango ukafunguliwa, vitoto vikaachiwa. Kimoja kilimwendea mama aliyetajwa, cha pili vilevile, cha tatu, cha nne, mpaka kumi na tatu. Cha mwisho kilimpita mama yake kikaenda kunyonya kwa mwingine.

"Hapo amekosa," alisema mkaguzi, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa dunia yake.

"Soma ulivyoandika, ndugu," alisema Urbano, aliyekuwa akichungulia begani pake.

Mkaguzi akasoma maneno ya Damari: "Huyu mama yake hana maziwa mwezi huu. Ananyonya kwa shangazi yake." Akavua miwani, akaivaa tena.

Wakati huo Urbano aliona kwamba katikati ya makundi mawili amebaki mbuzi mmoja mweupe, peke yake. "Na huyu? Umemsahau?"

Damari alitazama chini. "Huyu si wa shule, mwalimu. Ni wa kwetu. Alipotea mvua za mwaka jana akaingia zizi la shule."

"Mbona hukusema mwaka mzima?"

"Baba alisema mwalimu amekwisha mwandika kwenye daftari, na kilichoandikwa kwenye daftari ni cha taifa."

Macho yote yakamgeukia Mughwai. Alikohoa. "Nilisema hivyo, ni kweli," alisema. "Lakini nilisemea nyumbani."

Basi mbuzi wa Ighumbi walikuwa thelathini na watatu. Ile thelathini na wanne ambayo Urbano alikuwa ameilinda kama mboni ya jicho ilikuwa na kosa tangu siku aliyoiandika, na kila alipoihakiki aliikuta sahihi.

Baada ya hayo mkaguzi, Mwalimu Mkuu na Urbano waliingia ofisini kumaliza lile jambo la pili. Urbano alitoa orodha ya watatu. Mkaguzi alichomoa kalamu, akasoma, kalamu ikasimama hewani.

"Damari binti Mughwai. Kumi na mbili. Ndiye huyuhuyu?"

"Ndiye."

"Nionyeshe karatasi yake."

Urbano alileta karatasi, na kwa mazoea akalaza kadibodi juu yake. Matundu mengi yalikuwa matupu. "Unaona, ndugu." Mkaguzi alitaka kuona mwandiko, akaiinua kadibodi. Pembezoni mwote mwa karatasi, juu, chini na kando, palikuwa pamejaa maandishi madogo ya penseli.

Swali la saba liliuliza: Mzee ana mbuzi 15, ameuza 6, amebaki na wangapi? Kisanduku kilikuwa kitupu. Pembeni paliandikwa: *Mfugo hauhesabiwi. Lakini kama ameuza wanaonyonyesha amefanya vibaya.*

Swali la kumi na mbili: Wachungaji wawili wanachunga ng'ombe 40, wachungaji wanne watachunga ng'ombe wangapi? Pembeni: *Wachungaji wanne watapiga soga, ng'ombe watapotea.*

Swali la kumi na tisa: Kuku 10 hutaga mayai 10 kwa siku, kuku 20 watataga mangapi? Pembeni: *Jogoo yuko wapi?*

Urbano alisoma kila mstari akiwa amesimama wima. Alichukua karatasi za Julai, za Juni, za Mei. Zote zilikuwa hivyohivyo. "Miezi minane," alisema. "Sikuona, Ndugu Mkaguzi. Amekuwa akiniandikia miezi minane, nami sikuona."

Mkaguzi alimwita Mughwai dirishani. "Mzee, ni kweli kwenu mfugo hauhesabiwi?"

"Kwetu, ndugu, ukimnyooshea mnyama kidole ukasema huyu wa kwanza, huyu wa pili, unamwonyesha fisi pa kuanzia."

"Na mnajuaje kama mmoja amepotea?"

Mughwai alimtazama kwa huruma. "Wewe mkeo akitoka nyumbani, unahesabu?"

Mkaguzi alifunga dirisha pole pole. "Sisi ndio tulioandika mtihani huu," alisema. "Tuliondoa maswali ya meli na matufaha ya wakoloni, tukaweka mbuzi na ng'ombe, ili mtoto wa Singida ajisikie yuko nyumbani."

"Alijisikia yuko nyumbani," alisema Urbano. "Ndiyo maana hakuhesabu."

Waliketi wote watatu, wakaisahihisha upya karatasi ile kwa macho yao wenyewe, wakitoa alama kila palipowezekana kutoa. Mkaguzi alikuwa mkarimu kupita alivyotarajia mwenyewe. Hata hivyo Damari alifika ishirini na mbili tu, na aliyekuwa juu ya Esta alikuwa na ishirini na nane. Katika Siasa alikuwa amemtaja mwenyekiti wa kijiji kuwa ndiye Mkuu wa Mkoa, na ndama walikuwa wamefundishwa hivyohivyo.

"Hata tukimpa haki yake yote, namba haimwoni," alisema mkaguzi. "Lakini mimi nimemwona. Basi tumwondoe katika orodha. Anayefuata juu ya Esta achukue nafasi yake, na hawa wengine wawili wabaki." Akainua kalamu. "Huyu Yeremia, anajua nini?"

Urbano alifikiri. Alijaribu kuona uso wa Yeremia, na kitu pekee kilichomjia ni kumi na nne. "Sijui," alisema.

"Na Esta?"

"Sijui, ndugu. Hata Damari nimemjua leo, tena kwa sababu niliosha mbuzi. Hao wawili bado sijapata cha kuwaoshea. Wala huyo wa juu yao." Aliivuta orodha upande wake wa meza. "Siwezi kutia sahihi."

"Ndugu Mwalimu, tuelewane. Viti vya darasa la tano ni arobaini. Waraka unasema mtoto asiye na kiti haandikishwi. Hapo hatubishani habari ya mtihani. Tunabishana habari ya matako."

Nje, Manase alisikika akimbembeleza beberu arudi Unyamanda kwa hiari.

Urbano aliinuka. Akaigeuza meza kidogo apate nafasi, akakibeba kiti alichokuwa amekalia, akakiweka mlangoni. "Arobaini na moja," alisema.

Mwalimu Mkuu Ezekieli alikikalia kiti chake kwa muda wa kutosha kuonyesha kwamba hajalazimishwa. Halafu naye akainuka, akakung'uta koti. "Arobaini na mbili," alisema. "Miguu yangu bado ina nguvu. Ni mgongo ndio mbovu, na mgongo haupendi viti."

Wote wawili wakamtazama mkaguzi. Mkaguzi alitazama kiti chake, kilichokuwa cha tatu na cha mwisho katika ofisi ile. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri.

"Hiki nacho ni cha shule?" aliuliza.

"Ni cha shule, ndugu."

"Si cha kuazima?"

"Kimo kwenye daftari," alisema Urbano.

Mkaguzi akainuka. Aliichana orodha vipande vinne, akaiweka fomu ya kuandikisha darasa la tano ukutani, na akaitia sahihi akiwa amesimama: watoto arobaini na watatu, viti arobaini na vitatu.

Damari, Yeremia na Esta waliingia darasa la tano mwezi wa Januari. Damari hakwenda Rungwa. Ilimchukua Mwalimu Urbano mpaka Juni kujua kile ambacho Yeremia anakijua, na mpaka Oktoba kwa Esta. Ofisi ya shule ya Ighumbi ilikaa bila viti kwa miaka mitatu, na kila mgeni, awe mzazi au afisa wa mkoa, alizungumza na walimu akiwa amesimama.